Altaneta nzima, betri hazijai: mwongozo kamili wa kupima na kurekebisha athi ya injini kwenye yoti

Wenye yoti wengi hukwama mahali pamoja. Betri hazijai hata injini ikizunguka saa nzima. Altaneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ili kuchaji betri, imepelekwa kwa fundi ikaonekana haina ubaya, pengine imebadilishwa kabisa, na tatizo limebaki pale pale. Kwa wengine stata, yaani mota ya kuwashia injini, hugonga mara moja kisha ikanyamaza, ilhali betri ni mpya.

Mara nyingi kasoro iko upande wa hasi, yaani kwenye njia ambayo umeme hupitia kurudi kwenye betri, na ambayo mafundi huiita athi. Mafundi wazuri waliojifunza kazi kwenye magari huipita njia hii kwa urahisi, kwa sababu gari lina bodi ya chuma inayorudisha umeme kutoka popote. Yoti ya faiba haina bodi ya namna hiyo. Ampea zote za stata na za altaneta hurudi kupitia bolti chache, breketi moja na waya mmoja mnene, ndani ya chumba chenye joto, mtikisiko na hewa ya chumvi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba usinunue altaneta nyingine kabla hujaipima njia ya kurudi umeme ukiwa unapita ndani yake.

Mwongozo huu ni wa yoti ya faiba au ya mbao yenye injini ya dizeli ya ndani, mfumo wa volti 12, na altaneta ya ampea 50 hadi 120. Ikiwa chombo chako ni cha chuma au cha aluminiamu, fanya hatua ya kwanza tu, kisha tafuta mchoro wa umeme wa chombo hicho kabla ya kuongeza waya wowote.

## Vifaa vya kuandaa

- Mita ya umeme ya dijitali inayosoma volti za betri hadi sehemu ya mia ya volti, pamoja na milivolti.
- Mita ya kukumbatia waya inayosoma ampea za umeme wa betri. Hakikisha inasoma umeme wa betri, kwa kuwa nyingi za bei nafuu husoma umeme wa nyumbani tu.
- Waya mwembamba wa mita 4 au 5 wenye vibanio, wa kurefushia ncha ya mita.
- Spana, brashi ya waya, msasa, kisu cha kukwangulia rangi, na vitambaa vikavu.
- Lagi za shaba zilizopakwa bati, yaani vile vichwa vyenye tundu vinavyobanwa mwisho wa waya, pamoja na koleo lake maalumu la kubania.
- Waya wa shaba wa kibaharini, wenye nyuzi nyembamba zilizopakwa bati, wa milimita za mraba 35 au 50.
- Bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, lenye gundi ndani.
- Vaselini au grisi ya terminali.
- Karatasi na kalamu. Usiyadharau haya, kwani vipimo visivyoandikwa haviwezi kulinganishwa na vya kesho.

## Tahadhari kabla ya kugusa chochote

Usizime swichi kuu ya betri wala kufungua waya wa betri injini ikiwa inazunguka. Altaneta ikikatiwa betri ghafla hupandisha volti kwa kishindo, na dayodi zake, yaani vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, huungua papo hapo.

Unapofungua betri, anza na hasi. Unapofunga, maliza na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa injini utapata cheche kubwa, na betri za risasi hutoa gesi inayolipuka.

Vua pete na saa ya chuma. Funga nywele ndefu na mikono ya shati unapopima karibu na mkanda unaozunguka.

## Hatua ya 1: Chora njia ya hasi ilivyo, si unavyodhani ilivyo

Zima kila kitu. Anzia kwenye nguzo ya hasi ya betri ya kuwashia, fuata waya kwa mkono hadi mwisho wake, na uandike kila unapogusa kitu: kibanio cha betri, shanti ya kipima betri kama ipo (kipande cha metali ambacho umeme hupita ndani yake ili upimwe), ubao wa hasi zote (mahali nyaya zote za hasi zinapokutana), kisha waya mnene unaokwenda kwenye injini. Kwa kawaida waya huo hufungwa kwenye bolti ya stata au kwenye bolti ya nyumba ya gurudumu zito, karibu na giaboksi.

Kutoka hapo njia haina waya tena. Umeme wa altaneta hupita kwenye bodi yake, ukaingia kwenye breketi, ukavuka bolti za breketi hadi bloku ya injini, ndipo ukaufikia waya mnene. Injini za kiwandani hupakwa rangi zikiwa zimeshafungwa au karibu zifungwe, iwe kijivu cha Yanmar au kijani cha Volvo Penta, na rangi hiyo hukaa kati ya chuma na chuma mahali ambapo umeme unatakiwa kupita.

Sasa angalia nyuma ya altaneta. Nyingi zina terminali moja nene ya chanya, na hasi yake ni bodi yenyewe. Baadhi zina terminali mbili nene, ya chanya na ya hasi, na bodi haihusiki na umeme. Ili kujua, fungua hasi ya betri, ondoa waya kwenye terminali ya hasi ya altaneta, kisha pima ukinzani kati ya terminali hiyo na bodi ya altaneta. Mita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, hasi imetengwa kwa makusudi. Hali hii ni ya kawaida kwenye vyombo vya chuma, na hupatikana pia kwenye baadhi ya injini za vyombo vya faiba. Kwa altaneta ya namna hii usiunganishe bodi na hasi kamwe. Utakuwa umeharibu kinga iliyowekwa dhidi ya kutu ya umeme.

Umefaulu ikiwa una mchoro unaoonyesha kila muunganiko kati ya bodi ya altaneta na nguzo ya hasi, bila pengo.

## Hatua ya 2: Pima athi ya stata

Stata huvuta mamia ya ampea wakati wa kuanza kuzunguka, kwa hiyo hufichua athi mbovu haraka kuliko kifaa kingine chochote.

Funga kwanza koki ya maji ya bahari ya injini, na utundike ufunguo wa injini kwenye koki hiyo hadi utakapokuwa tayari kupima. Sababu ni hii: injini inapozungushwa na stata bila kuwaka, pampu huendelea kusukuma maji kwenye ekzosi, lakini hakuna moshi wenye nguvu ya kuyatoa. Sailensa hujaa, na maji yanaweza kurudi hadi ndani ya silinda. Injini nyingi nzuri zimekufa hivyo mikononi mwa watu waliokuwa wakitafuta kasoro ndogo ya umeme.

Vuta kizimio cha injini ili isiwake. Weka ncha moja ya mita kwenye risasi ya nguzo ya hasi yenyewe, wala si kwenye kibanio chake, na ncha nyingine kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini. Mwenzako azungushe stata kwa sekunde 3 hadi 5, nawe usome.

- Volti 0.2 au chini yake: athi ni nzuri.
- Kati ya 0.2 na 0.5: kuna muunganiko mchafu au waya mwembamba. Utasafishwa katika hatua ya 4.
- Zaidi ya 0.5: usiendelee kutumia stata hadi urekebishe.

Pima pia volti za betri kati ya nguzo zake mbili wakati stata inazunguka. Zikishuka sana chini ya volti 10, betri yenyewe ni dhaifu au haina chaji, na vipimo vya athi pekee havitakupa jibu.

Onyo la kipimo cha juu si la kutisha bure. Waya mnene wa hasi ukilegea, ampea za stata hutafuta njia nyingine yoyote iliyounganisha injini na hasi: waya mwembamba wa geji, kebo ya chuma ya gia au ya kuongezea mafuta, au kinga ya waya wa redio. Ukikuta kebo ya gia ina joto baada ya kuwasha injini, au ganda lake limeyeyuka, hiyo ndiyo sababu, na ni hatari ya moto ndani ya chombo.

Fungua koki ya maji kabla ya kuwasha injini tena. Hakikisha maji yanatoka kwenye ekzosi.

## Hatua ya 3: Pima athi ya altaneta ikiwa na mzigo

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu hupima ukinzani injini ikiwa imezimwa. Mita ya kawaida haiwezi kuona ukinzani unaotusumbua. Chukua ukinzani wa omu 0.01 tu: kwenye mita utaonekana kama sifuri, lakini ampea 70 zikipita ndani yake zitapoteza volti 0.7, na wati 49 zitageuka kuwa joto kwenye bolti moja. Altaneta ikitoa volti 14.2, betri itaona 13.5. Kwa kiwango hicho betri ya risasi haijai sawasawa, na ikikaa hivyo miezi kadhaa huanza kuganda salfeti na kupoteza uwezo wake.

Tatizo huzidi kwa sababu ya namna regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, inavyofanya kazi. Regyuleta iliyo ndani ya altaneta hupima volti kati ya chanya na bodi yake yenyewe. Hata ukiwa na waya wa kuhisi unaokwenda hadi betri, kwa kawaida huenda upande wa chanya tu. Volti zinazopotea upande wa hasi regyuleta haizioni, kwa hiyo inaamini imefikisha 14.2 na inapunguza chaji. Altaneta inafanya kazi yake kwa uaminifu. Anayeipima peke yake mezani ataikuta nzima.

Ili kupima, betri ziwe zimeshuka chaji kiasi. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 1500 au 2000 kwa dakika, washa taa, friji na inveta, kisha kumbatia waya wa chanya wa altaneta kwa mita ya ampea. Unahitaji angalau nusu ya uwezo wa altaneta ipite. Bila mzigo huo kipimo hakina maana.

Weka ncha moja kwenye bodi ya altaneta, kwenye chuma kitupu au terminali ya hasi, na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri. Volti 0.15 au chini ni nzuri. Ikifika 0.3 au zaidi, ivunje njia vipande vipande, ncha moja ikibaki kwenye nguzo ya betri na nyingine ikisogea:

1. Ubao wa hasi zote.
2. Lagi ya waya mnene pale kwenye injini.
3. Kichwa cha bolti inayoishika lagi hiyo.
4. Bloku yenyewe, sentimita chache kutoka kwenye bolti.
5. Breketi ya altaneta.
6. Bodi ya altaneta.

Andika kila namba. Mahali ambapo kipimo kinaruka ghafla ndipo ugonjwa ulipo. Ikiwa lagi inasoma 0.08 na bloku iliyo pembeni yake inasoma 0.45, hakuna haja ya kugusa altaneta wala kubadilisha waya. Kasoro iko kwenye uso mmoja usiozidi upana wa sarafu.

Shanti ya kipima betri lazima ipoteze kidogo, maana ndivyo inavyopima. Shanti ya ampea 500 yenye milivolti 50 itaonyesha milivolti 7 kwa ampea 70, na hiyo si kasoro.

Ukishamaliza, rudia kipimo hicho upande wa chanya, kutoka terminali ya altaneta hadi nguzo ya chanya. Kukiwa na dayodi za kugawa chaji kati ya betri mbili, utakuta zimepoteza karibu volti 0.7 au zaidi, na hilo ni suala la kushughulikiwa kivyake.

Umefaulu ikiwa unaweza kuweka kidole kwenye muunganiko mmoja au miwili na kusema volti zinapotea hapa.

## Hatua ya 4: Safisha, kisha funga kwa mpangilio sahihi

Fungua hasi ya betri. Toa lagi iliyoonyesha kasoro, kwangua rangi na kutu kwenye uso wa injini hadi chuma kitupu king'ae kwa upana wote wa lagi, kisha piga msasa lagi yenyewe pande zote mbili.

Mpangilio wa washa, yaani zile pete za chuma za chini ya nati au kichwa cha bolti, ndio unaokosewa zaidi, tena na watu makini. Lagi ilale moja kwa moja juu ya chuma cha injini, bila kitu chochote katikati. Washa bapa ije juu ya lagi, halafu washa ya springi, halafu kichwa cha bolti au nati. Mtu anayeweka washa ya chuma cha pua chini ya lagi ili kuzuia kutu anakuwa ameupitisha umeme wote kwenye metali ambayo ukinzani wake ni takriban mara 40 ya shaba. Muunganiko huo huonekana msafi na unang'aa, na ndiyo maana hakuna anayeushuku.

Zikiwa lagi nyingi kwenye bolti moja, ile nene zaidi iwe chini kabisa, na zisizidi nne. Funga zikiwa kavu, kaza, ndipo upake vaselini kwa nje kufunika muunganiko wote. Usipake rangi kabla ya kufunga.

Fanya hivyo hivyo kwa breketi ya altaneta: fungua bolti moja baada ya nyingine na ukwangue rangi mahali breketi inapokutana na bloku. Shina la terminali ya altaneta ni jembamba, mara nyingi milimita 6 au 8, na hukatika kwa spana ndefu, kwa hiyo likaze kwa spana fupi.

Kagua pia waya wenyewe. Chana ganda kidogo karibu na lagi: shaba nzuri ni nyekundu au ya rangi ya bati, na shaba iliyokuwa nyeusi au yenye unga wa kijani haifai. Unyevu hupanda ndani ya ganda kama mafuta kwenye utambi, hivyo ukikata sentimita 10 na bado ukaikuta nyeusi, badilisha waya mzima.

## Hatua ya 5: Ipe altaneta waya wake wa hasi

Kwa altaneta ya zaidi ya ampea 60, mimi sipendi kuitegemea breketi hata ikiwa imesafishwa. Breketi hutikisika, mkanda hurekebishwa mara kwa mara, na kutu hurudi. Waya mmoja mfupi kutoka kwenye bodi ya altaneta huondoa mashaka hayo yote. Tumia terminali ya hasi kama ipo, au bolti nene iliyo kwenye bodi. Hatua hii haihusu altaneta yenye hasi iliyotengwa.

Unene wake uwe sawa na waya wa chanya wa altaneta, au zaidi. Kwa kukadiria, waya wa shaba wa mita 3 ukipitisha ampea 80 hupoteza takriban volti 0.26 ukiwa wa milimita za mraba 16, volti 0.12 ukiwa wa 35, na volti 0.08 ukiwa wa 50. Kutoka kwenye hesabu hiyo utaona kwa nini 16 haufai kwa njia ndefu.

Upeleke wapi? Naupendekeza kwenye bolti ile ile ya injini inayoshika waya mnene wa betri. Ukiupeleka moja kwa moja kwenye ubao wa hasi, siku waya mnene utakapokatika ampea za stata zitarudi kupitia waya wa altaneta, nao utaungua ikiwa ni mwembamba. Ukiamua kuupeleka kwenye ubao hata hivyo, hakikisha una unene wa kubeba stata.

Kosa jingine ni kuufunga kwenye nguzo ya hasi ya betri wakati chombo kina shanti. Hapo chaji ya altaneta haipiti kwenye shanti, na kipima betri kitakuambia betri zinaisha wakati zinajaa. Kila hasi, pamoja na ya altaneta na ya sola, iishie upande wa shanti ulio mbali na betri.

Bana lagi kwa koleo lake, vuta kwa nguvu kuijaribu, kisha ifunike kwa bomba lenye gundi. Kulehemu kwa risasi peke yake hakutoshi, kwa sababu waya huwa mgumu pale risasi inapoishia na hukatika kwa mtikisiko. Acha waya uwe na mkunjo kidogo ili injini itikisike bila kuuvuta.

## Hatua ya 6: Geji zinazodanganya

Sindano ya joto ikicheza unapowasha taa, geji na taa zinashirikiana waya dhaifu wa hasi. Ipe paneli ya injini waya wake wa hasi kutoka kwenye bloku.

Kihisio chenye waya mmoja hupata hasi yake kupitia nyuzi zake za skrubu, pale kilipofungwa kwenye bloku. Ukifunga utepe mweupe wa mabomba kwenye nyuzi hizo, unaweza kuikata hasi. Kwenye vihisio vya joto vya kawaida ukinzani hupungua joto linapopanda, kwa hiyo ukinzani wa ziada hufanya geji isome joto dogo kuliko la kweli. Injini inaweza kuchemka huku sindano imetulia.

## Hatua ya 7: Zinki na umeme unaovuja

Bloku ya injini kwa kawaida imeungana na shafti na propela, na hivyo imeungana na bahari. Kwa sababu hiyo hasi iungane na injini mahali pamoja tu. Ukiongeza miunganiko ya hasi kwenye vyuma vingine vinavyogusa maji, umeme utapata njia ya kupita baharini na kula metali.

Vyombo vingi vinavyolala Kilifi, Mtwapa, Tanga au Msasani viko kwenye boya au nanga, havijaunganishwa na umeme wa nchi kavu. Zinki, yaani vile vipande vya metali vinavyowekwa viliwe na kutu badala ya propela na shafti, zikiisha upesi katika hali hiyo, anza kuishuku yoti yako mwenyewe. Mshukiwa wa kwanza ni waya wa chanya uliolowa kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, hasa kiungio cha pampu ya ngama. Ukiwa kwenye marina na waya wa umeme wa nchi kavu umechomekwa, weka kizuizi cha umeme wa galvani (kifaa kinachozuia umeme mdogo unaoleta kutu) kwenye waya wa athi wa nchi kavu. Usiukate waya huo kamwe, kwani ndio unaolinda uhai wa watu.

Ili kutafuta uvujaji, zima vifaa vyote, fungua waya wa chanya wa betri za matumizi, na uunganishe mita kwenye sehemu ya ampea kati ya waya na nguzo. Kiasi kidogo cha miliampea kinaweza kuwa cha kipima betri. Kikiwa kikubwa, toa fyuzi moja moja hadi kishuke. Usiguse ufunguo wa injini mita ikiwa hapo, kwani itaungua.

## Hatua ya 8: Rudia vipimo

Rudia hatua ya 2 na ya 3 kwa masharti yale yale. Unatafuta volti zisizozidi 0.2 kwa stata na 0.15 kwa altaneta, na tofauti ndogo kati ya volti nyuma ya altaneta na volti kwenye nguzo za betri: jumla ya pande zote mbili isizidi 0.3 kwa mzigo mkubwa.

Baada ya robo saa ya chaji nzito, zima injini na uguse kila muunganiko uliofungua. Ulio na joto kuliko bloku iliyo pembeni yake ufunguliwe tena. Kaza bolti zote baada ya saa chache za kwanza za kutembea, kwa kuwa lagi mpya hulala kidogo chini ya washa, kisha rudia vipimo mwanzoni mwa kila msimu na uviandike chini ya vile vya kwanza.